Jiko la kisasa Kigoma: kinachoonekana kwenye picha na kisichoonekana

Siku hizi ukimwambia fundi seremala wa Mwanga, Gungu au Katubuka kwamba unataka "jiko la kisasa", anatoa simu akuonyeshe picha. Wewe nawe unatoa zako. Zote zinafanana: kabati hazina vishikio, kaunta nyeupe ina mishipa ya kijivu, taa zimefichwa chini ya kabati za juu, na hakuna hata sufuria moja inayochemka. Mnakubaliana bei, kazi inaanza. Miezi michache baadaye milango ya chini ya sinki imevimba, ukuta wa karibu na jiko umeingia rangi ya chungwa, maji ya sinki hayaendi, na anayepika amerejea uani na mkaa wake.

Lawama hutupiwa fundi, lakini mkanganyiko unaanzia kwenye hilo jina "la kisasa". Limebeba mambo manne ambayo kila moja linaamuliwa peke yake: mpangilio wa chumba, maboksi ya kabati, kaunta, na njia za maji, moshi, gesi na umeme. Picha haikuambii chochote cha maana juu ya hayo manne. Inakuonyesha milango, rangi na taa, yaani vitu vinavyobadilika na fasheni na ambavyo unaweza kuvibadilisha kwa siku moja bila kuvunja tofali. Ndiyo maana watu hutumia fedha nyingi kwenye sehemu rahisi kubadilisha, na kubana kwenye sehemu ambayo ikikosewa dawa yake ni nyundo.

Vipimo, pamoja na kipimo cha ugali

Kabati za kujengea, za juu na za chini zilizounganishwa na kaunta moja, si jambo geni duniani. Mwaka 1926 msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alichora jiko la namna hiyo kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi wa mji wa Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 hivi, dogo kuliko majiko mengi ya nyumba za Kigoma, na majiko karibu 10,000 yalijengwa kwa mchoro huo. Kwa hiyo anayekwambia kwamba jiko la kisasa linataka chumba kikubwa hajui historia yake. Linataka chumba kilichopimwa.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Kaunta ina kina cha sm 60 na kimo cha sm 85 hadi 90 kutoka sakafuni. Kabati za juu zinaanza sm 50 hadi 60 juu ya kaunta, na kina chake ni sm 30 hadi 35, la sivyo utakuwa unazigonga kwa paji la uso kila unapoinama kuosha vyombo. Njia ya kupita kati ya pande mbili za kaunta isipungue mita 1. Chini kabisa ya kabati acha mwanya wa sm 10 kwenda juu na sm 7 kwenda ndani, ili vidole vya miguu vipate pa kuingia unaposimama karibu. Bila mwanya huo unasimama umerudi nyuma, na mgongo unaanza kulalamika kabla wali haujaiva. Sinki, jiko na friji vikae karibu: ukijumlisha umbali kati ya vitu hivyo vitatu upate kati ya mita 4 na 8.

Kisiwa, ile kaunta inayosimama peke yake katikati, ni hesabu ya upana tu. Kaunta ya ukutani sm 60, njia mita 1, kisiwa sm 80, njia nyingine mita 1: jumla mita 3.4. Chumba cha mita 2.7 hakina kisiwa, hata mchoraji akikichora.

Halafu kuna kipimo ambacho hakimo kwenye picha yoyote kutoka nje. Kaunta ya sm 90 inafaa sana kukatia nyanya. Iwekee jiko la gesi la mezani lenye kimo cha sm 10, juu yake sufuria ya sm 20, na mdomo wa sufuria unafika sm 120, kifuani kwa watu wengi. Jaribu kusonga ugali wa muhogo wa watu wanane kwenye kimo hicho. Nguvu ya mwiko inatoka juu kwenda chini. Mpikaji akiwa amenyanyua viwiko, bega linakwisha na sufuria inateleza. Picha hazijui hilo kwa sababu waliozipiga hawasongi ugali. Shusha kipande cha kupikia, upana wa sm 80 hivi, kiwe na kimo cha sm 65 hadi 70 kama jiko la gesi linakaa juu ya kaunta, au sm 75 kama limezamishwa ndani yake. Kwenye zege, ngazi hiyo ikipangwa mapema ni suala la kukata tofauti ubao wa foma, lile kasha la mbao linalomwagiwa zege. Ikikumbukwa baadaye, ni kubomoa.

Jiko la wazi, na mafuta ya mawese

Jiko la wazi ni lile ambalo ukuta kati yake na sebule au chumba cha kulia umeondolewa. Limependwa kwa sababu za kweli: mwanga unaingia vizuri zaidi, anayepika hatengwi na wageni, nyumba ndogo inaonekana pana. Watu wengi wanadhani shida yake ni harufu, na kwamba ukifungua dirisha imekwisha. Harufu ndiyo shida ndogo.

Mafuta yakichemka yanatoa mvuke wenye chembechembe ndogo za mafuta. Zinapanda na hewa ya moto, zinasafiri, na zikikutana na kitu kilichopoa zinatua: juu ya kabati, kwenye pazia, kwenye panga la feni, kwenye kochi. Nyumba inayochemsha tambi na kupasha mikate huzalisha chembe hizo kidogo. Nyumba inayokaanga migebuka mara tatu kwa wiki, inayokausha dagaa kikaangoni na kupika sombe, yaani kisamvu, kwa mawese, huzalisha nyingi, na za kwake zina rangi. Wekundu wa mawese ni karotini, ileile iliyomo kwenye karoti, na inapenda kushika kwenye vitu vyenye vinyweleo: rangi ya ukuta isiyong'aa, grauti nyeupe inayojaza maungio ya tailizi, milango ya kabati iliyopakwa ile rangi isiyong'aa ambayo ndiyo fasheni ya sasa. Jua hufifisha doa hilo, ndiyo maana kitambaa chenye mawese kikianikwa hupata nafuu. Ukuta wa ndani hauanikwi.

Sasa sikiliza jambo la kuchekesha. Huko Ulaya na Marekani, walikolipenda jiko la wazi kwa miaka mingi, mtindo unaokua sasa kwenye nyumba za wenye uwezo ni kuongeza jiko la pili nyuma ya lile la kuonyesha: chumba kidogo chenye sinki na jiko lingine, ambako kazi chafu inafanyika huku la mbele likibaki safi kwa wageni. Kwa maneno mengine wamegundua jiko la nje. Nyumba nyingi za Ujiji na Mwanga zina hilo tayari, na wenye nyumba wanalionea aibu wanalibomoa ili wapate fedha na nafasi ya kujenga lile la kwenye picha.

Ushauri wangu ni kuligawa fungu la fedha mara mbili tangu mwanzo. Jiko la ndani liwe la chai, kupasha chakula, wali, mboga za haraka na kuandaa. La nje libaki na kukaanga, sombe ya saa nyingi, maharage, na kinu, maana mtwangio wa kisamvu haufai kabisa juu ya tailizi za ndani. Lakini liboreshwe kwelikweli: paa linalozidi ukuta kwa sm 60 ili mvua za Novemba hadi Aprili zisiingie, kaunta ya zege, sinki lenye bomba, jiko banifu lenye dohani inayotoka juu ya paa, na matundu yenye wavu pande mbili zinazotazamana.

Asiye na nafasi uani afanye uwazi wa nusu. Acha ukuta, toboa dirisha la kupitishia chakula la mita 1.2 kwa mita 1 lenye kioo cha kuteleza. Unapata mwanga na mazungumzo, na ukikaanga unafunga.

Ukiamua kuondoa ukuta wote, kwanza jua umebeba nini. Kwenye nyumba za tofali za kuchoma, paa hukaa juu ya mkanda wa lenta, na mkanda huo umemwagwa kwa kutegemea ukuta chini yake. Nondo zilizotosha kuvuka mlango wa sm 90 hazijapigiwa hesabu ya kuvuka uwazi wa mita 3. Ufa hauonekani siku ya kubomoa. Unaanza baada ya msimu wa upepo, kwenye kona za juu, ukienda mshazari. Mwite mhandisi apige hesabu ya boriti, na uulizie kibali ofisi ya ujenzi ya Manispaa kabla fundi hajaanza kugonga.

Maboksi: ndipo fedha inapopotea

Boksi ni mwili wa kabati: pande mbili, kitako, mgongo na rafu. Mlango ni uso wake. Wateja wengi hulipia uso.

Bodi zinazouzwa kwa kazi hii huja kwa karatasi za mita 2.44 kwa 1.22, unene wa mm 16 au 18, na kwa macho zinafanana zikishabandikwa karatasi ya rangi. Ndani ni tofauti. Chipbodi ni chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa joto. Inakata vizuri na inapokea rangi vizuri kuliko zote. Plaiwudi ni tabaka nyembamba za mbao halisi zilizolazwa kwa kupishana, kwa hiyo ina nguvu na haipindi kirahisi. Ukiacha maji kwenye kingo tupu ya chipbodi au MDF ya kawaida, inafanya kama andazi lililosahauliwa kwenye chai: inavimba, na ikikauka hairudi ilivyokuwa.

Hapo kuna uvumi wa kuzima. Watu wanaamini MDF yenye rangi ya kijani ndani "haiingii maji". Kijani ni rangi ya kuitambulisha tu. Bodi hiyo imetiwa gundi inayovumilia unyevu zaidi, basi. Inastahimili mvuke wa jikoni. Haistahimili koki inayovuja usiku kucha. Na kiwanda kingine kinaweza kutia kijani bila gundi hiyo, kwa hiyo omba kipande, loweka nusu yake majini usiku mzima, pima unene asubuhi kwa rula. Hiyo inasema kweli kuliko muuzaji.

Maji hayaingii kwenye uso wa bodi, yanaingia kwenye kingo na kwenye matundu. Kwa hiyo kila kingo ifungwe kwa utepe, hata ile ya chini isiyoonekana, na mafundi wengi huiacha hiyohiyo. Tundu la kupitisha bomba la sinki lipakwe varnishi au silikoni kuzunguka kingo zake kabla bomba halijapita. Mgongo wa kabati usigusane na ukuta uliopigwa plasta juzi; acha plasta ikauke wiki kadhaa, kisha acha mwanya wa sm 2. Plasta mbichi hutoa maji yake kwenye kitu kilicho karibu, na kilicho karibu ni kabati yako.

Skrubu nazo. MDF na chipbodi hushika skrubu mara moja. Fundi akifungua bawaba na kufunga tena kwenye tundu lilelile, nyuzi zimeshakatika, na baada ya miezi mlango unaning'inia. Tundu litobolewe kwanza kwa biti nyembamba, na likiharibika lisogezwe pembeni badala ya kujazwa kijiti cha kiberiti. Mlango wa hadi sm 90 unatosha bawaba mbili. Unaozidi hapo uwekewe tatu. Rafu ya mm 18 isivuke sm 70 bila nguzo ya katikati, kwa sababu sufuria zikipangwa juu yake kwa mwaka mmoja inalegea tumbo.

Mbao halisi je? Mninga na mkurungu ni mbao za misitu ya miombo ya ukanda huu wa magharibi, Tabora na Katavi zikiwamo, na mninga hasa unasifika kwa kutopinda na kwa kusumbua mchwa. Kwa milango na fremu hakuna kinachoushinda. Ila mbao mbichi za mninga zitapinda kama mbao mbichi nyingine yoyote. Pima hivi: kata kipande cha kiganja, kipime kwa mizani ya duka, kiweke darini wiki mbili, pima tena. Kama uzito bado unashuka, mbao hizo hazijawa tayari, na mlango utakaotokana nazo utajikunja jikoni kwako. Na nunua zenye stakabadhi za Wakala wa Huduma za Misitu. Mbao za njia za usiku zinaweza kukuletea kesi.

Kwa chini ya sinki na kote kunakoguswa na maji, ninachopendekeza hakimo kwenye fasheni yoyote: boksi la tofali na zege. Kitako cha zege kimeinuliwa sm 10, kuta za tofali nyembamba zimepigwa plasta na tailizi ndani, milango ya mninga kwenye fremu. Mchwa hapandi kirahisi bila kuonekana, koki ikivuja unafuta kwa tambara. Ukitaka droo upande mwingine, hapo ndipo plaiwudi inaingia. Droo kubwa za chini badala ya milango ni moja ya mitindo mipya yenye akili: huhitaji kupiga magoti kutafuta sufuria ya nyuma. Kinachoamua ni reli zake. Chukua za chuma zenye gololi, urefu sm 45 au 50, zilizoandikwa uzito zinaoweza kubeba, na zisiwe chini ya kilo 30.

Kabati zisizo na vishikio, zile za kusukuma zikafunguka, sizipendi kwa hapa. Zinataka mwanya wa mm 2 au 3 kati ya mlango na mlango, na mbao zikinyonya unyevu wa masika mwanya unapotea. Pia unaposukuma mlango na kiganja chenye unga na mafuta, kila siku unaacha saini yako. Kishikio cha kawaida kinagharimu kidogo na kinaokoa mlango.

Kaunta

Kwartzi ya kiwandani ndiyo ile nyeupe yenye mishipa inayotawala kwenye picha. Ni vumbi la jiwe lililochanganywa na gundi ya plastiki. Hainyonyi doa, ndiyo sifa yake, lakini gundi ile huanza kuharibika kwenye joto la nyuzi 150 hivi. Kikaango cha samaki kilichotoka motoni kinapita hapo, na alama ya njano inayobaki haifutiki. Vumbi lake linapokatwa lina silika nyingi mno, na linaua mapafu ya mafundi. Australia ilipiga marufuku mawe hayo kuanzia Julai 1, 2024 kwa sababu hiyo. Fundi akikata kaunta yoyote ya jiwe uani kwako, akate kwa maji na avae barakoa ya vumbi, na watoto wakae mbali.

Graniti ni jiwe la asili. Inavumilia joto, ila si kweli kwamba haishiki doa. Dondosha maji juu ya kipande, subiri dakika 15, futa. Pakibaki peusi, jiwe linanyonya, na litanyonya mawese pia; linahitaji dawa ya kuziba vinyweleo, irudiwe kila jaribio hilo linapofeli. Sehemu inayovunjika ni ule ukanda mwembamba mbele na nyuma ya tundu la sinki. Usiwe chini ya sm 6, na uwe na kitu cha kuulalia chini yake.

Kuna kaunta ya tatu ambayo imerudi kwenye fasheni duniani, na mafundi wazee wa mji huu wanaijua kwa sababu sakafu za majengo mengi ya zamani ya serikali ni hiyo: terazo. Unamwaga slabu ya zege ya sm 7.5, mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, nondo za mm 10 kila sm 15 hadi 20. Unaimwagilia maji siku 7, foma zinatoka baada ya wiki mbili. Juu yake unalaza tabaka la sm 2 la saruji nyeupe na vipande vya mawe ya marumaru, sehemu 1 kwa 2, unashindilia, unaacha siku kadhaa, kisha unasaga kwa mashine na maji kutoka jiwe la kukwaruza hadi laini. Haina maungio pa kukaa uchafu. Udhaifu wake ni asidi: ndimu na siki zikikaa zinakula saruji na marumaru, kwa hiyo ipakwe dawa ya kuziba na ndimu ikatiwe ubaoni.

Iwe kaunta gani, mwambie fundi akate mfereji mdogo upande wa chini, sm 2 kutoka ukingo wa mbele. Maji yanayomwagika hufuata ukingo, yakapita chini yake na kushuka kwenye milango. Yakifika kwenye mfereji yanadondoka sakafuni. Kazi ya dakika chache, na wachache sana wanaifanya.

Kwa nini sinki linaziba

Angalia chupa ya mawese iliyokaa usiku kucha: juu ni mekundu na mepesi, chini yameganda. Mawese huanza kushikana yakishuka chini ya nyuzi 35 hivi. Ardhi ya Kigoma chini ya uga haifiki joto hilo. Kwa hiyo mafuta yanayopita kwenye sinki yakiwa ya moto yanaganda mita mbili mbele, yanashika chembe za ugali, na bomba linapungua kidogo kidogo. Maji ya moto hayatibu, yanalisogeza donge mbele zaidi, mahali pagumu kulifikia.

Dawa ni chemba ya mafuta nje ya ukuta, kabla ya chemba kuu. Shimo la sm 45 kwa 45, kina sm 60, limepigwa plasta na lina mfuniko wa kuinuliwa. Bomba la kutolea maji liwe na kiungo cha T kinachoshuka hadi sm 30 chini ya uso wa maji, ili mafuta yanayoelea yabaki na maji ya chini ndiyo yatoke. Kila wiki mbili hadi mwezi unayachota. Bomba lenyewe lishuke sm 2.5 kwa kila mita, na chini ya sinki kuwe na mkunjo wa kushika maji, la sivyo harufu ya chemba itakaa nawe mezani.

Sinki la chuma kisichoshika kutu watu hulipima kwa sumaku. Sumaku ikinasa sana, ni kweli chuma hicho ni cha daraja la chini. Isiponasa haithibitishi lolote, kwa sababu kuna vyuma hafifu ambavyo navyo havinasi. Pima unene: mm 0.8 hadi 1. Na liwe na kina cha sm 20 au zaidi, sufuria ya ugali iingie.

Moshi, gesi, umeme

Kofia ya moshi, kile kifaa cha kuvuta hewa kinachoning'inia juu ya jiko, ipo ya aina mbili, na mkanganyiko hapa ni mkubwa. Moja ina bomba linalotoa hewa nje. Nyingine inavuta hewa, inaichuja na kuirudisha humohumo ndani. Inapunguza mafuta na harufu, lakini joto na mvuke vinabaki. Kwa upishi wa hapa chukua ya kwanza, bomba la mm 150, fupi na lenye kona chache. Nguvu yake: zidisha urefu, upana na kimo cha chumba, kisha mara 10 hadi 12. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 kwa 2.8 ni mita za ujazo 29, kwa hiyo tafuta kofia ya mita za ujazo kati ya 300 na 350 kwa saa. Ining'inie sm 65 hadi 75 juu ya jiko la gesi, kadiri mtengenezaji anavyoagiza. Jiko la mkaa lisiwekwe chini yake kwenye chumba kilichofungwa. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu.

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034, na wengi wanakarabati jiko kwa sababu wanahamia gesi au umeme. Basi liandaliwe kwa ajili hiyo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni. Kabati yenye mtungi itobolewe matundu chini kabisa, usawa wa kitako, yakielekea nje ya nyumba. Matundu ya juu hayasaidii. Bora zaidi mtungi ukae nje kwenye kibanda chenye kivuli. Viungio vipimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Kwa umeme, soketi ya kawaida ya ampea 13 inabeba wati 3,000 hivi. Jiko la induksheni linakula 2,000, birika 2,000. Ukivichomeka vyote kwenye ekstensheni moja umevuka, na plagi inaanza kuyeyuka polepole. Weka soketi zisizopungua sita juu ya kaunta zilizogawanywa kwenye njia mbili, na oveni kubwa ipewe waya wake wa milimita za mraba 6 wenye sakiti breka yake.

Rangi ni suala la moyo wako. Kijani cha majani na rangi ya mbao vimeipiku nyeupe tupu na kijivu, na kwa bahati nzuri vinaficha mawese. Grauti iwe ya kijivu. Tailizi za sakafu zisiwe za kung'aa.

Bei ya mita na zamu za mafundi

Maseremala hutaja bei kwa mita. Uliza: mita ya kabati za chini tu, au ya chini na juu pamoja? Ukuta wa mita 4 unaweza kuhesabiwa 4 au 8. Kisha andikeni bodi gani, unene gani, bawaba na reli aina gani, na kama kaunta imo. Mita ya chipbodi na mita ya plaiwudi haziwezi kuwa bei moja, na anayekutajia bei ya chini sana ameshachagua moja kati ya hizo bila kukuambia.

Zamu ni hizi: fundi bomba na fundi umeme wachimbe kuta kwanza, plasta ifuate na ikauke, sakafu, maboksi, kaunta, tailizi za ukutani juu ya kaunta, milango, mwisho vifaa. Kaunta ya jiwe ipimwe baada ya maboksi kusimama, kwa kuwa kuta za nyumba zetu mara chache ni nyoofu, na tofauti ya sm 1 kwenye kona inaacha pengo lisilozibika kwa silikoni.

Kabla ya kutoa fungu la mwisho, ziba sinki, lijaze hadi juu, kisha fungua yote kwa mkupuo huku mtu amelala chini na tochi na karatasi kavu akigusa kila kiungo. Fungua droo zote ukiwa umezijaza sufuria. Washa jiko, oveni na birika kwa pamoja dakika 20, uguse plagi. Kitakachoshindwa hapo kitengenezwe wakati fundi bado anakudai.